Kukata vidio ya shamba kwenye telefone: sehemu tatu za kujua

Mama mmoja wa koperative alitufikia hapa Katuba na telefone yake. Alikuwa amepiga vidio ya dakika 11 shambani, kuonyesha namna ya kutafuta mayai ya viwavijeshi kwenye mahindi. Aliituma kwa wanachama, lakini wengi hawakuifungua: inakula mega mingi. Na mayai yenyewe yanaonekana dakika ya 7! Mwanachama akichelewa kuiona, kiwavi amekwisha kuingia ndani ya moyo wa muhindi, na huko ni vigumu kumfikia.

Dawa ni kukata vidio. Tuchukue programu ya CapCut; nyingine nazo zinafanana nayo. Ukiifungua unaona alama nyingi, mpaka kichwa kinazunguka. Tafuta kwanza sehemu tatu tu.

1. Juu: kioo. Hapo unaangalia vidio kama wengine watakavyoiona.

2. Katikati: vidio imelazwa kama tuta, toka kushoto kwenda kulia. Kuna mstari umesimama. Vuta vidio kwa kidole: picha iliyo kwenye mstari ndiyo inaonekana kwenye kioo.

3. Chini: vyombo vya kazi, yaani kukata, sauti, maandishi. Gusa kwanza vidio pale katikati, ndipo chombo cha kukatia kinatokea. 

Sasa kazi. Peleka mstari pale mayai yanapoanza kuonekana, kata. Peleka pale maelezo yanapoishia, kata tena. Gusa kipande kisichofaa, futa. Futa na kile cha mwisho chenye jina la programu.

Wengi wanauliza: "Nikikosea, vidio yangu inapotea?" Hapana. Programu inakumbuka tu mahali ulipokata. Vidio ya kwanza inabaki nzima. Gusa mshale unaorudi nyuma, uanze tena. Ila usifute ile ya kwanza kwenye telefone mbele ya kumaliza, programu isije ikakosa pa kuchukua picha.

Mwisho, juu upande wa kuume, chagua 480p au 720p badala ya 1080p. Namba ikipungua, vidio inakuwa nyepesi. Kisha gusa alama ya kutoa vidio.

Mama yule alirudi na vidio ya dakika moja na nusu: jani linageuzwa, mayai yanaonekana, vidole vinayaponda. Basi. Ndiyo yote jirani anahitaji kuona.

Nanyi jaribuni kwa vidio fupi ya dakika 2, batri ikiwa imejaa.