Maarifa ya Awali na Insha katika Lugha ya Pili

Mwalimu asahihishaye insha za wanafunzi wa theolojia huzoea kuandika pembeni, kwa wino mwekundu: "Kiingereza dhaifu." Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haraka. Mwanafunzi yule yule aliyekwama kwenye Mdahalo wa Heidelberg wa 1518 huweza, juma linalofuata, kuandika kurasa nne zenye mtiririko mwema juu ya Luka 15. Sarufi yake haikubadilika kwa siku saba. Kilichobadilika ni kile alichokuwa nacho kabla ya kushika kalamu.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1990, huko Marekani, Diane Tedick alilinganisha insha za wanafunzi wa shahada za juu ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili. Walipoandika juu ya fani zao walifanya vizuri zaidi kuliko walipopewa mada ya jumla. Sababu yake si fumbo: mwandishi wa namna hii hutafuta hoja na neno kwa wakati mmoja, na hoja ikiwapo tayari, nguvu zake hubaki kwa neno.

Mwaka huo huo Alexander Friedlander alitoa uchunguzi ambao, kwa maoni yangu, watuhusu zaidi. Wanafunzi wa Kichina waliandika kwa Kiingereza juu ya Qingming, sikukuu yao ya kuzuru makaburi. Waliotayarisha hoja kwa Kichina waliandika vema kuliko waliozitayarisha kwa Kiingereza. Kwa mada iliyohusu maisha ya chuo cha Marekani, mambo yalikuwa kinyume. Yaonekana basi kwamba maarifa huitika upesi zaidi yaitwapo kwa lugha ambayo yalipokelewa kwayo.

Wanafunzi wetu wengi walijifunza Katekisimo Ndogo kwa Kiswahili, katika darasa la kipaimara. Kumwamuru mtu huyo "afikiri kwa Kiingereza" anapoandika juu ya ubatizo ni kumfungia ghala lake mwenyewe. Na aandike muhtasari kwa Kiswahili, kisha ndipo atunge.

Hata hivyo maarifa ya awali huweza kupotosha. Mwana wa Kichagga aliyekulia kwenye kihamba aelewa mara moja uzito wa kudai urithi baba angali hai, hahitaji kufafanuliwa. Lakini kwa desturi ya kwao kitindamimba ndiye arithiye nyumba ya baba, ilhali Kumbukumbu la Torati 21:17 humpa mzaliwa wa kwanza sehemu maradufu. Asipoonywa, ataweza kuandika Kiingereza safi juu ya mfano ambao Luka hakuusimulia.

Linabaki suala la mtihani. Pale ambapo swali ni moja tu, nalo limechukuliwa katika historia ya Ulaya, mtu aweza kuhesabiwa hafai kwa huduma ya uchungaji kwa sababu hakukulia Saxony. Maswali mawili ya kuchagua, moja likitoka katika maisha ya usharika, hayamgharimu mtahini ila nusu saa ya kuyatunga.