Kengeleni, kengele iko wapi?

Makanga wa matatu za Kisauni hulitaja jina hilo kutwa nzima: "Kengeleni! Kengeleni shuka!" Juzi nilishuka hapo na mpwa wangu wa miaka tisa, tukaamua kutembea. Hatujapiga hatua kumi akaniuliza, "Mjomba, kengele yenyewe iko wapi?"

Ipo. Pale njia panda, barabara ya Nyali inapokutana na ile ya kwenda Malindi, imetundikwa kwenye mnara mdogo. Aliyeketi ndani ya matatu haoni ila ubavu wa lori lililo mbele yake.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani Barghash wa Unguja, na mwaka huo huo soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini biashara yenyewe haikufa siku hiyo. Majahazi yaliendelea kupakia watu kwa siri, na manowari za Waingereza zikiyawinda. Waliookolewa wapelekwe wapi? Wengi walichukuliwa wadogo, hata njia ya kwao hawaijui. Ndipo mwaka 1875 wamishonari wa CMS wakaanzisha kijiji huku bara, ng'ambo ya kisiwa, wakakiita Freretown kwa jina la bwana yule. Waliokuja kusaidia ni pamoja na Waafrika waliokombolewa zamani na kulelewa Nasik, India, wakarudi na ufundi na elimu yao.

Kengele ilikuwa ya ulinzi. Ikilia, wanakijiji wajue kuna watu wanakuja kuwateka.

Watu gani? Hapo mpwa wangu alinibana, na sikutaka kumdanganya. Watoro wa mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia misheni, na wenye mashamba wakitaka warudishwe. Wenye mashamba hao hawakutoka mbali. Baadhi yao ni babu zetu. Waliokimbia nao wameacha wajukuu, tunasali na kuoana nao, na bado utamsikia mtu barazani akimpima mwenzake kwa asili yake. Mimi hilo halinipendezi hata kidogo.

Tukaendelea kuelekea baharini, upande wa Mkomani. Mitaa ya Nyali ina vituko vyake: mibuyu minene imesimama katikati ya majumba mapya, kwa kuwa fundi shupavu pia huogopa kuikata. Karibu na maji, ukitazamana na Mji wa Kale, lipo kaburi la Rosina, mkewe Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo homa ikamchukua Rosina pamoja na kitoto chake kichanga. Mumewe alibaki akijifunza lugha yetu. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa, na ndani yake mna maneno mengi ya Kimvita ambayo leo huyasikii ila kwa vikongwe.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa limekwisha kulala. Makanga alipopaza sauti, mpwa wangu akamuuliza kama ameiona kengele. Yule kijana akageuka, akatazama dirishani, akasema, "Kengele gani, dogo?"

Akaonyeshwa.