Mkasi chini ya herufi: kung'oa na kurudisha vitufe vya kompyuta mpakato

Kitufe cha kompyuta mpakato si kipande kimoja. Juu kuna kofia, yaani kile kigae cha plastiki chenye herufi. Chini ya kofia kuna fremu mbili nyembamba za plastiki zilizopitana mithili ya herufi X, na jozi hiyo huitwa mkasi. Katikati ya mkasi hukaa kikombe kidogo cha mpira kilichofudikizwa, na chini ya mpira kuna utando wa karatasi tatu za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Vyote hubebwa na bamba la chuma lenye kulabu ndogo, nazo ndizo zinazoishika miguu ya mkasi. Kidole kikibonyeza, mpira hubonyea, karatasi ya juu ya utando hugusana na ya chini, umeme hupita. Kidole kikiinuka, mpira hurudi ulivyokuwa na kuisukuma kofia juu.

Hadi hapo hakuna la kustaajabisha. Uzuri wa kitufe uko kwenye mkasi, na asiyeelewa mkasi hafai kuigusa kofia.

Kofia ya kawaida ina upana wa milimita 15 hivi, na mwandishi mwenye kasi ni nadra kuigonga katikati. Mara nyingi kidole hutua pembeni, wakati mwingine kwenye kona kabisa. Kama kofia ingeegemea mpira peke yake, upande uliogongwa ungezama, wa pili ungeinuka, na herufi isingetokea. Lakini kofia hushuka ikiwa sawasawa, popote ilipoguswa. Siri yake inaonekana vizuri zaidi kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ni mbao mbili zilizopitana katikati. Miguu yake ikiachana, kiti hushuka. Ikikaribiana, kiti hupanda. Ikilala kabisa, mbuzi nzima huwa bapa na kuegemezwa ukutani. Ubao mmoja hauwezi kulala peke yake, kwa kuwa pale zinapopitana umefungamana na mwenzake: ukiinama huu, na ule lazima uiname kwa kiasi kilekile. Sasa ichukuliwe kwamba miguu yote ya mbuzi imepigiliwa misumari sakafuni. Haitashuka tena hata akiketi mtu mzito, maana kushuka ni kuachana kwa miguu. Iachwe miguu ya upande mmoja huru kuteleza, itashuka.

Mkasi wa kitufe umejengwa hivyohivyo, juu na chini. Upande mmoja, fremu ya kwanza imeshikwa kwenye bamba na ya pili imeshikwa kwenye kofia. Zinaweza kuzunguka hapo, lakini haziwezi kusogea. Upande wa pili, ncha zote mbili zimeachwa ziteleze ndani ya vijia. Kofia ikigongwa kona moja, fremu iliyo karibu huinama, humlazimisha mwenzake ainame kwa pembe ileile, na kona ya mbali hushuka pamoja na ya karibu. Hakuna springi wala sumaku. Ni jometri tupu.

Umbali wa kuteleza ni mdogo mno. Fremu yenye urefu wa milimita 10, ikishuka kutoka kimo cha milimita 2 hadi nusu milimita, ncha yake husogea chini ya robo ya milimita. Ndiyo maana chembe moja ya sukari au punje ya mchanga ikiingia kwenye kijia hicho, kitufe hukwama kana kwamba kimevunjika, ilhali hakina ila yoyote. Kinachotakiwa ni kukifungua na kukisafisha.

Ufunguzi huanza kwa kuzima kompyuta kabisa na kuichomoa kwenye umeme. Chombo kinachofaa ni ukucha, au plastiki nyembamba kama ile ya kufungulia simu. Bisibisi ya chuma haifai: ikiteleza hutoboa utando, na kwa kuwa njia moja ya umeme huhudumia vitufe kadhaa, tundu dogo linaweza kunyamazisha herufi nyingi kwa mpigo. Kofia ina upande unaobana, wenye vishikizo vilivyopinda kama C, na upande unaoteleza. Unaoinuliwa kwanza ni ule unaobana. Huinuliwa kutoka kona, taratibu, hadi usikike mlio mdogo wa kishikizo kuachia; kisha kofia husogezwa kidogo kuelekea upande huo ili ndoano za upande wa pili ziachane na mkasi. Upande upi ndio huo, yategemea modeli. Ukikataa kwa nguvu ya ukucha, hujaribiwa ule wa mkabala. Anayevuta kofia juu kwa pande zote mbili pamoja huvunja vipini vya mkasi, na kipini chenyewe hakizidi unene wa kijiti cha meno kwenye ncha yake.

Mkasi ukitoka pamoja na kofia, picha ya simu iliyopigwa kwenye kitufe cha jirani, kikiwa wazi, huokoa muda mwingi wakati wa kurudisha. Vumbi huondolewa kwa brashi laini, na uchafu wa soda kwa pamba ya masikio iliyotiwa spiriti kidogo. Maji yaliyokwisha kuingia kati ya karatasi za utando hayafikiki kwa njia hii. Mpira usiguswe kama bado umeshika. Ukibanduka, hurudishwa kwa gundi kidogo sana kwenye ukingo wake tu, katikati kabisa ya alama yake.

Kurudisha kuna mpangilio wake. Mkasi hutangulia: miguu inayoteleza huingizwa chini ya kulabu za bamba, ndipo inayobana ishindiliwe mahali pake. Mkasi uliokaa vizuri huinuliwa kwa ukucha na kulala tena bila kukwaruza. Kisha kofia huwekwa juu yake, ndoano za upande unaoteleza zikiingia kwanza, na upande wa pili hubonyezwa mpaka ulie. Mlio usiposikika, kofia hutolewa na kuanzwa upya. Kuishindilia kwa kidole gumba ni kukata kipini.

Vitufe virefu, yaani cha nafasi, Enter na Shift, vina kiungo cha ziada. Mkasi mmoja hauwezi kusawazisha kofia ya urefu huo, kwa hiyo huongezwa waya wa chuma uliopindwa ncha zote mbili, unaozunguka chini ya kofia na kuhamisha msukumo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Waya huo hubanwa kwenye kofia kwanza, ncha zake huingizwa kwenye matundu ya bamba, na baada ya hapo ndipo kofia ibonyezwe kwenye mkasi.

Kuna kompyuta ambazo kofia zake ni bora ziachwe. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilitoa MacBook yenye vitufe vya mtindo wa kipepeo: fremu mbili zilizoungana katikati kama mabawa, badala ya kupitana. Kitufe kilipungua unene sana, lakini nafasi ya chembe kupita ikapungua pia, na vitufe vikawa vinakwama au kurudia herufi. Mwaka 2018 kampuni ilianzisha matengenezo ya bure kwa kibodi hizo, mwishoni mwa 2019 ikaanza kurejea kwenye mkasi, na Mei 2020 ikakamilisha kurejea huko. Mabawa ya kipepeo ni membamba kuliko fremu za mkasi na huvunjika kwa urahisi kofia inapoinuliwa, hasa ya kitufe cha nafasi. Kibodi yenyewe haitoki peke yake, kwa hiyo matengenezo ya kampuni mara nyingi yalikuwa ni kubadilisha bamba zima la juu, pamoja na betri iliyogandishwa chini yake.