Maticha wa Marekani 'wachemsha' somo la joto la dunia

Msomaji, chukua glasi, tia vipande vya barafu, halafu jaza maji mpaka ukingoni kabisa. Subiri barafu iyeyuke. Je, maji yatamwagika? Washkaji wengi watakuambia yatamwagika. Wapi! Halidondoki hata tone. Barafu inayoelea imeshajichukulia nafasi yake ndani ya maji, na ikiyeyuka inajaza nafasi ile ile.

Kaswali haka kanawatoa jasho hata watu wazima, maticha wakiwemo, zikija habari za Ncha ya Kaskazini. Barafu ya bahari ya Aktiki inaelea kama hiyo ya kwenye glasi. Ikiyeyuka yote, bahari haipandi kiasi cha kutisha. Balaa liko kwa barafu iliyokalia nchi kavu. Ya Greenland ikiisha yote, bahari za dunia zinapanda kama mita 7. Ya Antaktika, kule kusini, ni kama mita 58! Usianze kufungasha virago, maana hiyo ni kazi ya karne nyingi. Lakini kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari zilikwishapanda kama sentimita 20.

Na usije ukadhani ile inayoelea haina kazi. Ni kama shati jeupe juani: inarudisha mwanga juu. Ikiondoka, yanabaki maji ya rangi ya giza yanayofyonza joto, barafu nyingine inayeyuka, joto linazidi tena. Ndiyo maana Aktiki inapata joto haraka kuliko sehemu nyingine za dunia.

Sasa maticha wameingiaje hapa? Mwaka 2016 jarida la Science la Marekani lilichapa uchunguzi ulioongozwa na Eric Plutzer wa Chuo Kikuu cha Penn State. Waliulizwa walimu wa sayansi wapatao 1,500 wa shule za umma, kutoka majimbo yote 50. Wengi walikuwa wanaligusa somo la joto la dunia, ila kwa saa moja au mbili tu katika kozi nzima. Na 31 kwa kila 100 walikuwa wanawapa watoto maneno mawili yanayogongana: kwamba wanasayansi wanakubaliana binadamu ndiye anayeleta joto, na papo hapo kwamba wanasayansi wengi wanaona ni mambo ya asili tu. Mwanafunzi ashike lipi?

Wenyewe walikuwa hawajui ukweli ulivyo. Walipoulizwa ni wanasayansi wangapi wanaoamini binadamu ndiye chanzo, waliojibu 'zaidi ya 80 kwa 100' hawakufika nusu, hata kwa walimu wa madarasa ya juu. Chini ya nusu ndio waliofundishwa somo hilo chuoni.

Utasema labda wazazi wanawabana. Hapana bwana, waliosema wamebanwa hawakufika hata 5 kwa kila 100. Kilichokuwa na nguvu kuliko hata elimu ya ticha ni siasa yake! Anayetaka serikali isiingilie mambo ya watu alikuwa mgumu zaidi kukubali. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kasheshe, maana asiyejua unamfundisha, lakini aliyekwishachagua upande utamfanyaje?

Kuna mchapio mwingine umekutwa kwa walimu na wanafunzi wa nchi nyingi: eti dunia inapata joto kwa sababu ozoni imetoboka na jua linapenya. Tundu la ozoni juu ya Antaktika lipo kweli, wanasayansi wa Uingereza walilitangaza mwaka 1985, na lililetwa na gesi za mafriji na makopo ya kupuliza. Ila joto hili, kubwa lake, linatokana na hewa ya ukaa ya makaa ya mawe, mafuta na gesi tunayochoma. Ni kesi mbili tofauti.

Wamarekani walijaribu dawa moja ya nguvu. Mwaka 2007 ulianza mpango uitwao PolarTREC, wa kuwachukua walimu na kuwapeleka Aktiki na Antaktika kuishi na wanasayansi kwa wiki kadhaa, wakichimba barafu na kupima maji kwa mikono yao, huku wakiwasimulia wanafunzi nyumbani. Ticha aliyegandishwa vidole kule hahadithii alichokisoma kitabuni!

Mkazi wa Dar anayeona Greenland ni mbali asikilize hili. Lile bonge la barafu ni zito kiasi kwamba linavuta maji ya bahari upande wake. Likipungua, mvuto unalegea na maji yanaondoka kuja huku. Jirani na Greenland bahari inashuka, na sisi wa karibu na Ikweta tunapata zaidi ya fungu letu.