Avokado, Pea, Embe Mafuta

Avokado za milima ya Taita hushuka hadi soko la Voi kwa njia ya Wundanyi na Mwatate. Muulize mkulima ana aina gani, atakutajia hass, fuerte na za kienyeji. Fuerte ni Kihispania, maana yake hodari. Vikonyo vyake vilitoka Atlixco, Meksiko, mwaka 1911, vikapandikizwa California. Baridi kali ya 1913 ilipoua miche mingine, wa fuerte ukasalimika.

Jina la tunda lenyewe ni la kale zaidi. Kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ni ahuacatl. Wahispania wakalitamka aguacate, wengine abogado, yaani wakili, kwa kuwa neno hilo walikuwa nalo tayari. Waingereza wakapata avocado, wakaongeza pear kwa sababu ya umbo lake. Kiswahili nacho kililigawa jina hilo: kamusi zina pea na mpea, tulipochukua mkia, Wakenya wa leo wamechukua kichwa, avokado. Watanzania husema parachichi. Ninalolipenda mimi ni embe mafuta: aliyelibuni alionja, kisha akaeleza alichokionja.

Na guacamole? Molli ni mchuzi. Maneno ya Kinahuatl yanapoungana, lile la kwanza hudondosha -tl, ndipo tukapata ahuacamolli: mchuzi wa avokado, basi. Wanaoihusisha mole na kitenzi cha Kihispania moler, kusaga, wamepotoshwa na mfanano wa sauti.

Husimuliwa pia kwamba ahuacatl maana yake ni korodani. Kamusi ya Alonso de Molina ya 1571 inazo maana zote mbili, ila tunda ndilo lililotangulia. Sisi husema pia ya goti, na hakuna anayedhani pia ya kuchezea iliitwa hivyo kwa sababu ya goti.

Kachumbari ya Voi ikitiwa avokado huwa imekaribia sana guacamole. Nyanya na pilipili kali asili yake ni Amerika, kama avokado yenyewe. Iponde badala ya kuikata vipande, utakuwa na ahuacamolli mezani. Kitunguu, dhania na ndimu ndivyo ambavyo Waazteki hawakuvijua kabla Wahispania hawajatia nanga.