Spermogramu: mbegu za mwanaume zinapotoka nyumbani kwenda labo

Ndoa inaingia mwaka wa tatu, mutoto hajaonekana. Kwa familia mingi za Kivu, Ituri ao Tanganyika, lawama inaangukia bibi. Anazunguka kwa waganga, anakunywa dawa za miti, na wakwe wanaanza kumushauri bwana atafute mwengine. Bwana mwenyewe hajapimwa hata mara moja.

Lakini karibu nusu ya mara ambapo mutoto anakosekana, mwanaume ana sehemu yake, peke yake ao pamoja na bibi. Nguvu ya kitanda si alama ya uzazi. Mwanaume anaweza kuwa muzima kabisa kwa bibi yake, na mbegu zake zikawa kidogo.

Kipimo cha kujua hilo kinaitwa spermogramu. Labo inahesabu mbegu, inaangalia namna zinatembea na umbo lake. Muongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, wa 2021 unaweka alama kwenye milioni 16 kwa mililita moja, na mbegu 42 kwa mia zenye kutembea. Kuwa chini ya alama hiyo haimaanishi kwamba mutu hatazala kamwe. Munganga anajua tu kwamba anapaswa kutafuta zaidi.

Mbele ya kutoka nyumbani

Labo mingi hazina chumba cha siri, na wanaume wengi wanasikia haya. Kwa hiyo wanaomba kutoa mbegu nyumbani. Inawezekana, lakini uliza labo kwanza.

Chukua kopo safi kwa labo yenyewe. Chupa ya dawa ya zamani, hata ukiiosha, haifai. Kaa siku 2 mpaka 7 bila tendo la ndoa. Siku yenyewe, osha mikono na uume, kisha kausha vizuri. Usitumie sabuni kama mafuta, wala mate. Kapoti ya kawaida pia haifai, juu mara mingi iko na dawa inayoharibu mbegu. Kila kitu kiingie ndani ya kopo, zaidi sana matone ya kwanza, kwani ndiyo yanabeba mbegu nyingi. Kama kimoja kimemwangika, sema, usifiche. Andika jina na saa juu ya kopo.

Njiani

Hapa ndipo wengi wanakosea. Nusu saa ni vizuri zaidi, saa moja ndiyo mwisho. Mbegu zinapoteza mwendo kadiri saa inapita. Labo inaweza kuzihesabu bado, lakini inazikuta zimelala, na mutu anaambiwa ako na tatizo lenye hana.

Kopo lisiingie ndani ya frigo, wala kwenye barafu. Libebe karibu na mwili, ndani ya nguo. Asubuhi ya Lubero ao Bukavu ina baridi: ukiwa juu ya pikipiki, mufuko wa nje wa koti hautoshi. Uvira na Kalemie ni kinyume: usiache kopo ndani ya gari lenye kukaa juani.

Mwenye kukaa Minova na labo iko Goma ao Bukavu, asijaribu kusafiri na kopo. Ni vizuri alale kwa ndugu karibu na labo. Ulaya na Marekani kuna vifaa vinavyotumwa kwa posta, pamoja na maji ya pekee yanayolinda mbegu njiani. Maji ya kawaida ya bomba hayafanyi kazi hiyo, yanaziua.

Matokeo yakitoka

Karatasi moja mbaya si hukumu. Munganga anaomba kipimo kirudiliwe, juu mwili unatumia karibu miezi miwili na nusu kutengeneza mbegu mpya. Kama malaria yenye homa kali ilikupata ndani ya miezi mitatu iliyopita, mwambie: homa inashusha mbegu kwa muda. Mambo mengine, kama mishipa iliyovimba kwenye korodani ao maambukizo, mara mingi yanatibika.

Munganga anashauri kwenda kupimwa kama mwaka moja umepita bila mimba, na bibi akiwa na zaidi ya miaka 35, nyuma ya miezi sita. Waende wote wawili, siku moja. Kipimo cha mwanaume hakina sindano na hakiumi. Bibi anaweza kupitia vipimo virefu, vyenye maumivu na franka mingi, kumbe jibu lilikuwa ndani ya kopo moja.