Cheti cha Baraza Kwanza, Wakili Baadaye

Mtu anayefika kwa wakili Dar es Salaam au Mwanza akitaka talaka huwa na swali moja mdomoni: kesi itachukua muda gani? Wakili anayeijua kazi yake humrudishia swali lingine. Mmeshapita baraza? Hapo ndipo wengi hubaki wameduwaa. Wamebeba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pengine hata hati ya kiwanja, lakini barazani hawajakanyaga. Wengine walikwenda, wakapewa barua ya mwenyekiti, wakadhani imetosha.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatumika Tanzania Bara kwa ndoa zote, iwe ya kanisani, ya Kiislamu, ya bomani au ya kimila. Kifungu cha 101 kinamzuia mume au mke kufungua shauri la talaka kabla mgogoro wao haujafika kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza lenyewe likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hilo linaweza kuwa la kata au la jumuiya ya dini lililotambuliwa kisheria, kama yale ya BAKWATA na ya makanisa. Likishindwa, hutoa cheti ambacho mahakamani kinajulikana zaidi kama Fomu Namba 3.

Karatasi hiyo ni ndogo, na imeangusha kesi nyingi. Siku shauri linapofunguliwa, cheti kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi sita nyuma. Kikipitiliza, safari inaanza upya. Kabla ya kuondoka barazani, mhusika akisome chote pale pale: majina yafanane na ya kwenye cheti cha ndoa, tarehe iwepo, sahihi na muhuri viwepo, na ieleweke wazi kwamba baraza lilijaribu kusuluhisha likashindwa. Barua inayosema tu kwamba fulani alifika kulalamika haina nguvu hiyo. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa sababu hapakuwa na cheti halali. Inauma kuona mtu aliyehangaika miaka mahakamani akirudishwa mlangoni kwa kasoro ambayo ingeonekana siku ya kwanza.

Sheria imeacha milango michache. Baraza linaweza kurukwa ikiwa mwenzi alitelekeza familia na hajulikani alipo, ikiwa ameitwa barazani akakataa kwenda, ikiwa anatumikia kifungo cha miaka mitano au zaidi, au ikiwa ana ugonjwa wa akili usiotibika. Mahakama pia inaweza kuridhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Mlango huu wa mwisho unastahili kujulikana zaidi kuliko unavyojulikana, hasa na wanawake wanaopigwa. Kifungu cha 66 kinasema bayana kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na si haki kumlazimisha aliyeumizwa kwenda kukaa benchi moja na aliyemuumiza ikiwa maisha yake yako hatarini. Wakili wake anapaswa kulisema hilo mahakamani mapema.

Kwa Waislamu wa Bara, mpangilio wa hatua una uzito wake. Mume huandika talaka, akaikabidhi mbele ya mashahidi, kila mtu akajua yameisha. Mbele ya Sheria ya Ndoa, talaka inayoibana mahakama kuvunja ndoa ni ile iliyotolewa baada ya baraza kutoa cheti chake. Zanzibar mambo ni mengine kabisa, kwa kuwa migogoro ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi.

Na mahakamani nako kinachotafutwa ni kimoja: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, vyote ni ushahidi wa kuelekea huko. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili huhitaji kwanza kibali cha mahakama.

Moto zaidi huwaka kwenye mali. Bado wako wanaoamini kwamba mama wa nyumbani hana chake kwa sababu hakununua hata mfuko mmoja wa saruji. Mwaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa ile, lakini msimamo uliowekwa kupitia jina lake umewabeba wanawake wengi waliokuja nyuma yake. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya hapo ielekee kwenye usawa. Nusu kwa nusu haiji yenyewe. Mchango unathibitishwa kwa ushahidi, kwa hiyo risiti za mabati, karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, kumbukumbu za kikoba na majirani walioona msingi ukichimbwa, vyote vina kazi.

Nyumba wanayoishi wanandoa ina ulinzi wake. Hata kama imeandikwa jina la mmoja, kifungu cha 59 kinamzuia kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake anaweza kuweka zuio. Jambo hili halisubiri kesi ya talaka ifunguliwe.

Kuhusu wakili mwenyewe, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ni wakili kweli. Vishoka wanaozagaa karibu na mahakama huandika hati kwa bei rahisi, kisha hawaonekani tena. Wakili halali ana namba ya usajili na leseni anayoihuisha kila mwaka, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Asiye na uwezo ana pa kwenda pia: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na taasisi kama TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimewasaidia wananchi kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, shauri la talaka linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mwananchi hujieleza mwenyewe kwa Kiswahili, na wengi wenye kesi isiyo na mali nyingi humaliza huko bila wakili.

Anayeamua kumweka wakili asione haya kumhoji. Ameshasimamia mashauri mangapi ya ndoa? Ataingia mahakamani yeye mwenyewe au atamtuma mwingine? Ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu zipi, na risiti itatolewa? Makubaliano yaandikwe na kila upande ubaki na nakala. Yaeleze pia kama ada hiyo inagusa rufaa, kwa kuwa asiyeridhika na uamuzi ana siku 45 tu za kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, na siku hizo huanza kuhesabiwa hukumu inaposomwa.